Mali Bila Daftari: Wanawake Waliosoma Maandiko na Majina Yao

Katika makanisa mengi tunayoyajua sisi wanachama, ya nyumbani Afrika Mashariki na ya hapa Uingereza, wanawake ndio wanaojaza viti. Ndio wanaofundisha watoto shule ya Jumapili, wanaobeba kwaya, wanaokesha na wagonjwa na kusema zaburi nzima bila kufungua kitabu. Lakini siku likiulizwa swali gumu, kwamba neno fulani lina maana gani katika Kiebrania, au kanisa lilifikaje kwenye fundisho fulani, macho huwageukia wanaume. Na dada anayesema anataka kusomea teolojia bado huulizwa jambo ambalo kaka yake haulizwi: "Usome hayo ili uwe nani?"

Swali hilo lina historia ndefu. Katika makala haya tunaipitia kwa vituo vitatu: Roma na Bethlehemu za karne ya 4, Cambridge na Sinai za karne ya 19, kisha Afrika ya wakati wetu. Tunataka kuonyesha jambo moja. Wanawake wa Kikristo wamesoma Maandiko kwa kina tangu zamani sana, na kanisa zima limekula matunda ya kusoma kwao. Kilichokosekana mara nyingi ni daftari, yaani kazi iliyoandikwa na kuwekwa chini ya jina la mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali.

Nyumba ya Marcella

Marcella alizaliwa katika ukoo mkubwa wa Roma. Aliolewa, na baada ya miezi saba tu mumewe akafariki. Mzee mmoja tajiri aliyewahi kuwa konsuli, Cerealis, akapeleka posa, na mama yake Marcella akaona binti yake amepata bahati ya mtende. Marcella akakataa. Nyumba yake katika kilima cha Aventino akaifanya mahali pa sala na masomo, na wanawake wengine wa tabaka lake, wajane kwa wasichana, wakaanza kukusanyika huko.

Mwaka 382 padri mmoja msomi, Jerome, alifika Roma pamoja na maaskofu wawili wa Mashariki, akawa msaidizi wa Papa Damasus katika kazi za uandishi. Jerome alikuwa amejifunza Kiebrania kwa taabu kubwa huko jangwani Siria. Marcella alimtafuta, na tangu hapo hakumpa nafasi ya kupumzika. Barua za Jerome kwake zipo hadi leo, na majibu yaliyomo yanatuonyesha maswali aliyoyauliza. Majina kumi ya Mungu katika Kiebrania ni yapi? Kwa nini maneno "amina" na "haleluya" yaliachwa bila kufasiriwa? "Sela" inayokatiza zaburi ina kazi gani? Efodi ilikuwa kitu gani? Hayo si maswali ya mtu anayetafuta faraja ya haraka. Ni maswali ya mtu anayetaka kujua kila neno limetoka wapi, na mwanafunzi yeyote wa isimu katika chama chetu angemtambua Marcella kuwa mwenzake.

Jerome mwenyewe anashuhudia kwamba Marcella hakulipokea jibu kwa sababu tu limetoka kwa mtu mashuhuri. Alilipima, akaleta pingamizi, akauliza tena, ili naye aweze kuwajibu wengine watakaoleta pingamizi lile lile. Kwa hiyo Jerome alipoondoka Roma mwaka 385, pengo halikubaki wazi. Ubishi ulipozuka juu ya kifungu cha Maandiko, watu walimwendea Marcella awaamulie, na mapadri walikuwa miongoni mwao.

Hapa ndipo tunapokutana na kiini cha makala yetu. Jerome anasimulia kwamba Marcella alipojibu, hata pale jibu lilipokuwa lake mwenyewe, alisema ni la Jerome au la mtu mwingine. Alijua Mtume Paulo ameandika kwamba hamruhusu mwanamke kufundisha, naye hakutaka ionekane kwamba anawadhalilisha wanaume waliokuja kumwuliza. Alifundisha huku akijiita mwanafunzi.

Mwaka 410 jeshi la Wagothi likiongozwa na Alaric liliuteka mji wa Roma. Askari waliingia nyumbani kwa Marcella wakidai dhahabu, wakampiga. Yeye aliomba jambo moja tu, kwamba wasimtenge na msichana aliyeishi naye, Principia, ambaye alimhofia kuliko alivyojihofia mwenyewe. Walipelekwa salama katika kanisa la Mtakatifu Paulo, na muda mfupi baadaye Marcella akafariki. Yote haya tunayajua kwa sababu Principia alimwomba Jerome ayaandike. Barua za Marcella mwenyewe, maswali yake kwa maneno yake, na yale majibu aliyowapa watu kwa jina la wengine, hakuna hata karatasi moja iliyobaki.

Kifungu kilichomfanya ajifiche, 1 Timotheo 2:11-12, hata leo ndicho kinachotajwa kwanza dada anapotaka kusoma. Makanisa yanatofautiana juu ya mpaka wa agizo lile la kutofundisha, nasi hatukukusudia kuumaliza mjadala huo hapa. Ila tungependa wasomaji wetu wakitazame kifungu hicho kwa jicho la sarufi. Kabla ya katazo kuna agizo, na kitenzi cha agizo hilo ni kujifunza. Katika Kigiriki kimewekwa katika hali ya kuamuru, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeileta hali hiyo vizuri kwa "na ajifunze". Mengi yamesemwa juu ya katazo. Agizo la kujifunza, lililotangulia, husomwa haraka kana kwamba halipo.

Paula na binti zake

Mmoja wa wanawake wa jamii ile ya Roma alikuwa Paula, mjane mwenye watoto watano. Binti yake mkubwa, Blaesilla, alifariki mwaka 384 baada ya kujitesa kwa mfungo mkali, na watu wa Roma walimlaumu Jerome waziwazi. Papa Damasus naye akafariki mwaka huo huo. Jerome akaondoka Roma, na Paula, pamoja na binti yake Eustochium, akasafiri kumfuata. Walipita Kupro na Antiokia, wakazuru nchi takatifu na watawa wa Misri, na mwaka 386 wakafanya makao Bethlehemu. Kwa mali yake Paula alijenga monasteri ya wanaume, nyumba tatu za watawa wa kike, na nyumba ya kulala wageni.

Paula hakuja Bethlehemu kuwa mfadhili tu. Alimlazimisha Jerome asome pamoja naye na Eustochium Agano la Kale na Jipya lote, akieleza hatua kwa hatua. Jerome alipokiri kwamba jambo fulani halijui, Paula hakumwachia. Alitaka aambiwe maoni mbalimbali yaliyopo na lipi lina uzito zaidi. Alijifunza Kiebrania hata akawa anaimba zaburi kwa lugha hiyo bila lafudhi ya Kilatini kusikika. Jerome, aliyeihangaikia lugha hiyo tangu ujana, aliandika jambo hilo kwa mshangao, akaongeza kwamba Eustochium naye alikuwa hivyo hivyo. Katika nyumba za watawa alizoziongoza Paula, kila dada alitakiwa kuzijua zaburi kwa moyo na kujifunza sehemu ya Maandiko kila siku.

Kutoka Bethlehemu ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata, iliyosomwa na Wakristo wa Magharibi kwa zaidi ya miaka elfu. Fungua dibaji za tafsiri na fafanuzi za Jerome, utayaona majina ya Paula na Eustochium tena na tena. Wao ndio walioomba kazi zifanywe, waliozingoja, na waliozisoma kwanza. Watu walimcheka Jerome kwa kuwaandikia wanawake. Katika dibaji ya ufafanuzi wake wa Sefania aliwajibu kwa kuwakumbusha nabii Hulda, aliyetabiri wakati wanaume wamenyamaza, na Debora, aliyekuwa mwamuzi na nabii wakati Baraka anaogopa.

Lakini tusimfanye Jerome malaika. Palladius, mwandishi wa karne ile ile aliyezijua monasteri za Mashariki, aliandika kwamba Paula alikuwa na uwezo wa kuwapita wengi, ila Jerome alimzuia kwa wivu wake, akamvuta afuate makusudi yake yeye. Palladius alikuwa na ugomvi wake na Jerome, kwa hiyo tunampima naye kama tunavyompima shahidi yeyote. Hata hivyo neno lake linatuachia swali: Paula angeandika nini kama angeandika kwa jina lake? Ipo barua moja kwa Marcella, ya kumwalika aje Bethlehemu, inayobeba majina ya Paula na Eustochium. Hata hiyo, wataalamu wengi wanaona mkono wa Jerome ndani yake. Paula alifariki Januari 404, akazikwa karibu na pango la Kuzaliwa. Jina lake lilibaki kwa sababu mwanamume aliliandika. Mawazo yake yamebaki ndani ya kitabu cha mwanamume huyo, na hatuwezi tena kuyatenganisha.

Pacha wa Cambridge

Katika miaka ile ile ya Paula na Marcella, au muda mfupi baadaye, mwandishi asiyejulikana huko Mashariki alinakili Injili nne kwa Kisiria, lugha ya jamii ya Kiaramu. Karne kadhaa baadaye ngozi zile zilifutwa ili zitumike tena, na juu ya maandishi yaliyofifia yakaandikwa maisha ya wanawake watakatifu. Kitabu hicho kilikaa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai hadi mwaka 1892, kilipofunguliwa na mwanamke kutoka Uingereza.

Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson walikuwa pacha, waliozaliwa Uskoti mwaka 1843. Mama yao alifariki wakiwa wachanga. Baba yao, mwanasheria, aliwalea kwa ahadi ambayo wapenzi wa lugha wataipenda: nchi yoyote ambayo mabinti wataijua lugha yake, atawapeleka kuiona. Wakajifunza moja baada ya nyingine. Baba alipofariki aliwaachia mali nyingi, nao wakaendelea kusoma na kusafiri. Waliolewa wakiwa watu wazima, na wote wawili walifiwa na waume zao baada ya miaka michache ya ndoa. Agnes, mjane wa mhadhiri wa Cambridge, aliongeza Kisiria juu ya Kigiriki alichokwisha kukijua, na Margaret alikijua Kiarabu.

Chuo Kikuu cha Cambridge wakati huo hakikuwapa wanawake shahada. Kilianza kuwapa shahada kamili mwaka 1948. Kwa hiyo pacha hawa waliishi mjini mwa chuo, walijua lugha ambazo maprofesa wengi hawakuzijua, na hawakuwa na cheti chochote cha kuonyesha. Msomi James Rendel Harris, aliyewahi kufika Sinai, aliwaeleza juu ya vitabu vya Kisiria alivyoviona huko na kuwapa maarifa ya kupiga picha za miswada. Wakapanda ngamia hadi monasterini. Watawa waliwapokea vizuri, maana waliweza kuzungumza nao kwa Kigiriki. Agnes alipokifungua kile kitabu aliona, chini ya habari za wanawake watakatifu, maneno ya Injili. Kurasa zilizokuwa zimegandana alizitenganisha kwa mvuke wa birika. Wakapiga picha zote.

Picha zilipofika Cambridge, wataalamu wa Kisiria walitambua kwamba hii ni moja ya tafsiri za kale kabisa za Injili. Mwaka 1893 msafara wa pili uliondoka, safari hii maprofesa wakiwemo, na mwaka 1894 maandishi yakachapishwa. Jalada lilitaja wanaume watatu kuwa wanakilishi, Bensly, Harris na Burkitt, na Agnes Smith Lewis akatajwa kuwa mwandishi wa utangulizi.

Tofauti na Marcella, pacha hawa hawakuliacha jambo hapo. Margaret alichapisha kitabu kueleza kitabu kile kilivyopatikana. Agnes alirudi Sinai, akasoma sehemu ambazo wengine hawakuweza kuzisoma, na mwaka 1910 akachapisha toleo lake la Injili hizo kwa jina lake. Vyuo vikuu vya St Andrews, Heidelberg na Dublin viliwatunuku shahada za heshima. Cha mjini kwao hakikufanya hivyo. Fedha na kiwanja chao vilisaidia kujenga Chuo cha Westminster cha Cambridge, kilichofunguliwa mwaka 1899 kuwaandaa wachungaji wa Kipresbiteri, kazi ambayo wao wenyewe wasingeruhusiwa kuifanya.

Kutoka Mbweni hadi Accra

Mji huo huo wa Cambridge una uhusiano na lugha yetu. Hotuba ya David Livingstone katika chuo kikuu chake mwaka 1857 ilichochea kuanzishwa kwa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, iliyojikita Zanzibar. Huko Askofu Edward Steere aliandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya. Misheni hiyo iliwalea watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wavulana walipelekwa Kiungani, ambako waliofaulu waliandaliwa kuwa walimu, mashemasi na mapadri. Wasichana walipelekwa Mbweni, shule iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Mbweni walisoma Maandiko kwa Kiswahili, na baadhi yao wakawa walimu katika vituo vya misheni, Zanzibar na bara.

Tuipime hali hiyo kwa haki. Kwa binti aliyetolewa katika jahazi la watumwa, kujua kusoma na kupata darasa la kufundisha lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo njia mbili zilikuwa zimechorwa tangu mwanzo. Ya mvulana iliweza kufika kwenye teolojia. Ya msichana iliishia kwenye ualimu wa watoto na kuwa mke wa mwalimu au wa padri. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki walisikia Injili kwanza kutoka kwa walimu wa namna hiyo, na majina ya walio wengi kati yao hayamo katika vitabu vya historia.

Karne moja baadaye njia ilianza kupanuliwa na Waafrika wenyewe. Mwaka 1982 Nyambura Njoroge aliwekewa mikono kuwa mchungaji, mwanamke wa kwanza katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Baadaye aliandika utafiti juu ya Kiama Kia Ngo, kundi la wanawake Wakristo wa Kikuyu waliosimama kuwatetea mabinti zao dhidi ya tohara. Esther Mombo, aliyepata uzamivu Edinburgh na kufundisha kwa miaka mingi Limuru, alitafiti historia ya wanawake wa Kiluhya katika kanisa la Marafiki, yaani Quaker. Wote wawili walifanya kazi ya daftari: walikwenda kuwatafuta wanawake waliokuwa wamesahauliwa na kuyaandika majina yao.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa mpango wa bara zima ni Mercy Amba Oduyoye wa Ghana. Alisoma teolojia nyumbani, kisha Cambridge katika miaka ya 1960, akafundisha Chuo Kikuu cha Ibadan, na baadaye akawa naibu katibu mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwaka 1989 aliwakutanisha mjini Accra wanawake wa Kiafrika waliosoma dini na teolojia, wakaanzisha chama ambacho kwa Kiswahili tunaweza kukiita Mduara wa Wanateolojia Wanawake wa Afrika. Neno la kongamano lao walilichukua katika Marko 5:41, maneno ya Kiaramu ambayo Yesu alimwambia binti wa Yairo kumwinua. Lengo la Mduara halikuwa kukutana na kuagana. Walijiwekea kazi tatu: kutafiti, kuandika na kuchapisha. Mwaka 1992 kilitoka kitabu The Will to Arise, kilichohaririwa na Oduyoye pamoja na Mkenya Musimbi Kanyoro, na vingine vimefuata.

Wanachama wa chama chetu wamtazame Kanyoro kwa makini, maana alianzia pale tulipo sisi. Alikuwa mwanaisimu. Shahada yake ya uzamivu, kutoka Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, ilihusu lugha za Waluhya wa magharibi ya Kenya. Kutoka hapo aliingia katika kazi ya kutafsiri Biblia, akasoma Kiebrania, na kutoka Kiebrania akafika kwenye teolojia. Alirudi kwao akasoma Maandiko pamoja na wanawake wa kijijini, akaonyesha kwamba mila wanayoishi ndani yake ndiyo miwani wanayoyasomea. Ukisoma naye kitabu cha Ruthu unaona kwamba mkwe na mama mkwe wa Kiluhya wana la kusema ambalo profesa wa Ulaya asingelifikiria.

Naye Musa Dube wa Botswana alionyesha jinsi tafsiri inavyoweza kuumiza. Katika Biblia ya Setswana ya mmisionari Robert Moffat, pale Kigiriki kinaposema pepo wachafu, aliweka "badimo". Kwa Watswana badimo ni wahenga waliotangulia, wale ambao sisi tungesema mizimu ya wazee. Msomaji akaambiwa, kwa lugha yake mwenyewe, kwamba babu na bibi zake ndio mashetani ambao Yesu aliwafukuza. Ili kuliona hilo ilibidi apatikane mtu anayejua Kigiriki cha Agano Jipya na pia anayejua badimo ni akina nani. Dube aliliandika, akalichapisha, akatia jina lake.

Maneno mawili ya kuanzia

Je, katika Biblia yetu ya Kiswahili kuna kazi ya namna hiyo? Ipo, na haihitaji kutafutwa mbali. Tuchukue Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952.

La kwanza ni Warumi 16:1. Paulo anamtambulisha Fibi, mwanamke wa Kenkrea, na Kiswahili kinamwita "mhudumu". Neno la Kigiriki ni diakonos. Sasa fungua Wafilipi 1:1, ambapo neno hilo hilo limetumika kwa wingi pamoja na maaskofu. Hapo Kiswahili kinasema "mashemasi". Mfasiri ana hoja yake, kwani neno hilo lina maana zote mbili, na wataalamu wanajadiliana ni lini lilianza kuwa cheo rasmi. Lakini msomaji wa Kiswahili hapewi nafasi ya kuujua mjadala huo. Anamwona mhudumu upande mmoja na mashemasi upande mwingine, na hawezi kujua kwamba Paulo alitumia neno moja.

La pili ni Mwanzo 2:18, mwanamke anapoitwa "msaidizi". Katika maisha yetu ya kila siku msaidizi ni mtu wa chini ya mwingine: msaidizi wa meneja, msaidizi wa nyumbani. Kiebrania kinasema ezer, na neno hilo ndilo lililomo katika Zaburi ya 121, mwimbaji anapouliza msaada wake utatoka wapi na kujijibu kwamba unatoka kwa Bwana. Kiswahili chenyewe kimehifadhi undugu huo, maana "msaidizi" na "msaada" ni wa shina moja, ila masikio yetu yamezoea kuyatenga. Hakuna anayesoma Zaburi ya 121 akafikiri Mungu yuko chini ya mwimbaji.

Mifano hii haimalizi swali la nani awe padri au mchungaji, na haikutolewa kwa ajili hiyo. Kanisa Katoliki, ambalo haliwapi wanawake upadre, liliwatangaza Teresa wa Ávila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa mwaka 1970. Kusoma ni mlango ambao hakuna kanisa linaloweza kusema Maandiko yameufunga.

Tufanye nini sisi?

Kwanza, dada wa chama hiki wanaopenda Maandiko waitumie nafasi iliyopo. Vyuo vikuu vingi vya hapa Uingereza vinafundisha Kiebrania cha kale na Kigiriki cha Agano Jipya katika idara za teolojia au za lugha za kale. Aliyekwisha kuzizoea ngeli za Kiswahili na minyambuliko ya vitenzi hana sababu ya kuogopa sarufi ya Kiebrania. Paula alianza akiwa mtu mzima mwenye watoto watano.

Pili, tusisome kila mtu chumbani mwake. Marcella alikuwa na nyumba, Paula alikuwa na binti yake, Agnes alikuwa na Margaret, na Oduyoye alijenga mduara. Kikundi cha watu wanne wanaosoma sura moja kwa Union Version, kwa Biblia Habari Njema na kwa tafsiri ya Kiingereza, wakaandika kila neno linapotofautiana, kimekwisha kuanza utafiti. Kaka nao wakaribishwe, ilimradi waje kusoma.

Tatu, tuandike. Maelezo ya neno moja, historia ya mwalimu mmoja wa kike wa parokia au usharika, mahojiano na bibi aliyefundisha katekisimu kwa miaka thelathini, yote hayo ni kurasa za daftari. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanamjua Mwana Kupona wa Pate kwa sababu utendi aliomtungia binti yake katika karne ya 19 ulinakiliwa, na jina lake likasafiri nao. Wanawake wa kanisa wanastahili kama hayo, na Kiswahili kina nafasi ya kutosha. Wahadhiri wetu tunawaomba wakubali kuzisoma kazi hizo na kuzisahihisha kwa ukali ule ule wanaotumia kwa insha nyingine.

Basi dada akiulizwa tena anasomea teolojia ili awe nani, ana majina ya kumjibia. Na atakapofika mahali pa kujibu maswali ya wengine, aseme jibu ni lake, aweke sahihi.